Mwito kwa Nyumba Iliyofungwa

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Menengai ukaikalia Nakuru nzima, na ndani ya karakana ya reli injini mpya ilikuwa ikinguruma peke yake.

Hapakuwa na mtu ndani yake. Inspekta Wasike wa polisi wa reli aliizunguka kuhakikisha. Alipanda ngazi, akachungulia dirisha la dereva, akaona kiti kitupu na mishale ya vipimo ikitetemeka kidogo nyuma ya vioo, akashuka. Hapakuwa na harufu ya moto wala mvuke. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa chuma akakuta una joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, na aliuondoa mkono upesi kuliko alivyotaka Koplo Kipsang aone.

"Nani aliiwasha?"

"Fundi, afande. Aliiwasha alfajiri akaenda kunywa chai. Anasema hii haizimwi ovyo ovyo."

"Sasa inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Inangoja tu."

Ilikuwa mwaka 1959, na injini za dizeli zilikuwa zimeanza kuletwa kwa majaribio ili zichukue nafasi ya zile za mvuke. Wasike alikuwa ameelezwa kwamba ndani ya sanduku lile refu dizeli ilizungusha mtambo wa umeme, na umeme ndio uliosukuma magurudumu. Alielewa vizuri. Watu wa landi, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja ng'ambo ya uzio, walielezwa pia, nao waliitikia kwa vichwa, kwa adabu kisha wakaibandika jina Bubu. Walisema mbwa hawaibwekei. Walisema inapoteremka kutoka Lanet huwezi kuisikia mpaka imekufikia. Na tangu Jumatano iliyopita, iliposemekana imemla mtu, wanawake walikuwa wameacha kuanika nguo upande ule wa uzio.

Mtu mwenyewe alikuwa dereva Obura.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatano jioni Obura alirudi na treni ya mizigo kutoka Naivasha, akiendesha injini yake ya mvuke, pamoja na fayamani wake Nicodemus, mtu wa kuangalia moto. Walipofika kwenye kona ya kuingia Nakuru, Obura alipunguza mwendo akaruka chini ili akate njia kwenda nyumbani, na Nicodemus akaiingiza treni yadi. Sheria ilikataza, lakini madereva wote walifanya hivyo. Hayo yalikuwa maelezo ya Nicodemus. Muda mfupi baadaye Bubu, ambaye alikuwa amewekwa Lanet kuipisha treni ya mizigo, alishuka kwa reli ya pembeni inayoelekea karakana. Dereva wake jioni hiyo alikuwa kijana Kipketer, aliyekuwa akifundishwa dizeli. Asubuhi watu wa genge la kutengeneza reli wakamkuta Obura amelala kwenye reli hiyo ya pembeni, kichwa kimepasuka kwa nyuma na miguu imekatwa na magurudumu. Mfukoni alikuwa na leso, kipande cha mkate na ufunguo wa nyumba.

Wasike aliinama tena chini ya Bubu, akamulika gurudumu kwa tochi.

"Kipsang, kule kwenye kokoto ulikuta damu kiasi gani?"

"Kidogo, afande. Ya kupaka tu."

"Na miguu miwili imekatwa."

"Ndiyo."

"Umewahi kuona mbuzi akichinjwa baada ya kufa?"

Kipsang alifikiri, akaelewa, akatazama kando. Mtu aliyekufa zamani hamwagi damu. Magurudumu ya Bubu yalikuwa yamepita juu ya maiti.

Bwana mkubwa wa polisi wa reli, Mzungu ambaye askari wake walimwita Bwana Supa wakiwa mbali naye, alitokea kwenye ukungu na kiko chake mdomoni. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea.

"Wasike! Ile Kipketer nakwenda Nairobi leo, treni ya jioni. Kule yeye tashtakiwa. Wewe nafanya nini hapa?"

"Bwana, damu ni kidogo sana. Nafikiri Obura alikuwa amekufa kabla dizeli haijafika."

"Mzuri. Basi Kipketer nasimamisha injini, napiga yeye kichwa, nalaza yeye kwa reli, napita juu. Yeye nataka kuwa dereva namba moja ya dizeli. Obura nachaguliwa, yeye nakuwa msaidizi tu. Wivu."

"Fundi alikuwa naye kwenye injini, bwana."

"Fundi iko nyuma, natazama mafuta. Hapana ona kitu." Bwana Supa alitoa kiko. "Sikiliza. Watu yote ya landi nasikia Obura napiga filimbi yake kwa kona. Yote! Kwa hivyo kwa kona yeye iko mzima. Halafu dizeli nakuja. Halafu yeye nakufa. Katikati hapana mtu. Nani mwingine?"

Lililomuudhi Wasike ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu amjue, Bwana Supa alikuwa amesema jambo la akili. Filimbi ile ya injini ya mvuke ndiyo iliyokuwa ikimnyonga Kipketer. Kama Obura aliipiga, basi alikuwa hai kwenye kona, na kati ya kona na kifo chake hapakupita kitu kingine isipokuwa Bubu.

Alipitia seli akamwona Kipketer kupitia vyuma. Kijana alisimama mara moja, mikono ubavuni, kama bado yuko mbele ya mwalimu wa udereva.

"Nilisikia kishindo kidogo, afande. Nikajua ni jiwe. Watoto hapo huwa wanaweka mawe." Alisita. "Hiyo treni ya jioni, ni kweli?"

"Mpaka sasa, ni kweli."

"Chepngeno yuko huko nje. Amekataa kurudi nyumbani. Mwambie arudi, anakaribia kujifungua."

Mkewe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kibuyu cha maziwa mapajani. Wasike alimpa ujumbe. Mwanamke hakuinuka, na Wasike akaenda zake landi akiwa na haraka ambayo hakuwa nayo alfajiri.

*

Landi ilikuwa kimya. Si kimya cha watu kutokuwapo, maana moshi ulitoka kwenye paa na watoto walikuwa milangoni. Walikuwa wakisikiliza. Tangu Jumatano walikuwa wamepata tabia hiyo, kukatiza maneno katikati na kugeuza shingo upande wa reli.

Naliaka alikuwa kwenye bomba la maji. Huyu alikuwa mke wa mtu wa ishara, jirani wa ukuta kwa ukuta na Obura, na kwa kuwa yeye na Wasike walitoka upande mmoja wa Mlima Elgon, alimwita mwanangu na kumgombeza kwamba amekonda.

"Nieleze tena hiyo filimbi, mama."

"Nieleze nini tena? Nimeambia askari mpaka nimechoka. Ilikuwa jioni, giza inaanza kuingia. Nikasikia Obura. Mrefu moja, fupi mbili, halafu mrefu ingine inashuka chini kama mtu anakaa kwa kiti. Hiyo ni Obura. Hata mtoto wa hapa anajua."

Wasike alijua pia, kwa kuwa alikulia kando ya reli. Kila dereva wa injini ya mvuke alikuwa na mkono wake kwenye kamba ya filimbi. Mmoja aliivuta kwa pupa, mwingine aliibembeleza, na kila mmoja alikuwa na mwito wake wa kuingilia nyumbani. Haukuwa wa maonyesho. Mke akiusikia alibandika maji ya kuoga jikoni, na mume alipofika mlangoni akiwa mweusi wa masizi, maji yalikuwa yamepata moto. Mke aliyeshindwa kuutambua mwito wa mumewe alichekwa bombani mwezi mzima. Hilo lilikuwa jambo jingine watu wa landi walilomchukia Bubu kwa ajili yake. Honi yake ilikuwa ya upepo, na ilitoa sauti ileile kwa kila mtu.

"Na ukafanya nini uliposikia?"

"Nikasema, huyo Obura amefika. Nikaendelea kupepeta mchele." Naliaka alifuta mikono. "Ndiyo maana namwambia Awuor asilie sana. Angalau mume wake alimwita mpaka mwisho. Wangapi wanapata hiyo?"

Wazee wa Kijaluo walikuwa wameomba mjane asisumbuliwe na polisi mpaka leo, na Wasike alikuwa ameheshimu. Sasa alivua kofia na kuinama kupita mlangoni.

Awuor alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Kando yake palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba, bado halijafunguliwa. Jiko lilikuwa baridi na sufuria kubwa ilikuwa imefudikizwa juu yake.

"Pole sana, mama Amolo."

"Asante, afande. Karibu stuli."

Alikuwa na sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kulia yote. Hakungoja swali.

"Waliniambia aliniita. Nilishuka kwa treni nikaanguka pale stesheni, na hawa mama wakanishika, wakaniambia, Awuor, nyamaza, alikuita. Nikalala na hiyo. Nikiamka usiku, naisikia."

"Ulishuka kwa treni kutoka wapi, mama?"

"Kisumu. Mama yangu ni mgonjwa. Baba Amolo mwenyewe alinisindikiza stesheni hiyo Jumatatu. Akaninunulia mkate, akakata kipande yake akaweka kwa mfuko, akasema ndio chakula yake mpaka nirudi." Akatabasamu kidogo. "Akafunga nyumba kwa ufunguo wake, na mimi nikabeba wangu."

Wasike aliingiza mkono mfukoni na kuutoa ule ufunguo. Alikuwa amezunguka nao siku zote hizo bila kuona maana yake. Mtu ambaye mkewe yuko nyumbani hatembei na ufunguo.

Alitazama sufuria iliyofudikizwa. Jumatano hapakuwa na mtu wa kubandika maji.

"Mama Amolo, siku ambazo hukuwa nyumbani. Alikuwa anapiga huo mwito?"

Awuor alianza kuikaza kamba ya sanduku.

"Kwa mfano ulipokwenda kwenu kumzaa Amolo."

"Jumatano alipiga. Watu wote wamesikia."

"Sijauliza Jumatano."

"Afande," alisema Awuor, na sasa sauti haikuwa tulivu tena, "nimekukaribisha vizuri. Toka kwa nyumba yangu."

Wasike alitoka. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyeingiza mkono kwenye mfuko wa maskini, na alijua ataingiza tena. Naliaka alikuwa bado bombani. Wasike alimuuliza swali lile lile.

"Awuor akiwa kwao?" Naliaka alikunja uso. "Hapana. Alikuwa anapita kimya. Tulikuwa tunamchekelea, Obura, leo umekuwa bubu? Anasema, nyumba yangu imefungwa, nitaita nani, kufuli? Alikuwa mtu hivyo, hapendi kelele ya bure..."

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa, ikamwagika juu ya miguu yake, na hakuiondoa.

"Awuor hakuwa hapa Jumatano," alisema polepole. "Mimi ndiye nilikuwa namwangalizia kuku. Nilijua hayuko. Na nikasikia, na nikasema Obura amefika." Alimshika Wasike mkono. "Mwanangu, sisi tulisikia nani?"

Jibu lake mwenyewe lilionekana usoni, na lilihusu mambo ambayo polisi hawana mamlaka nayo. Jibu la Wasike lilikuwa la karibu zaidi, na kwa maoni yake lilitisha zaidi. Filimbi haipigwi na upepo. Kwenye injini ile palikuwa na kamba moja na watu wawili.

*

Saa kumi alasiri injini ya Obura ilikuwa na mvuke wa kutosha. Tangu Jumatano ilikuwa imesimama baridi mwisho wa karakana, na msimamizi Thuo alilalamika kwamba kuiwasha kwa ajili ya polisi ni uharibifu wa mafuta, lakini aliiwasha. Ukungu ulikuwa umerudi. Nje kwenye reli ya pembeni Bubu aliendelea na mngurumo wake wa chini.

Nicodemus alikuja akiwa amenawa, shati jeupe, nywele zimechanwa njia pembeni. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa la landi. Jumapili Wasike alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa hilo na kumsikia akitafuta sauti ya kwanza bila kinanda, kisha akawapa wengine sauti zao moja moja, na hakukosea hata moja.

"Panda, bwana Nicodemus. Nataka unionyeshe tu ilivyokuwa."

Walipanda wote wanne, Kipsang na Thuo wakasimama nyuma kama mashahidi. Joto la tanuru liliwapiga magotini. Nicodemus hakukanyaga katikati. Aliambaa ukingoni, mgongo kwenye chuma, kama kwamba pale katikati ya sakafu kulikuwa na kitu cha kuruka.

"Mlikuwa marafiki na marehemu?"

"Miaka mingi, afande. Mimi ndiye fayamani wake tangu aanze kuendesha."

"Alichaguliwa kwa dizeli. Na wewe?"

"Dizeli haina moto, afande. Haina haja na sisi." Alicheka kidogo. "Kipketer ndiye alichukuliwa awe msaidizi. Ni kijana, ana macho mazuri. Mimi sikuwa na neno."

"Obura alikusemea kwa wakubwa?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Sasa tuko kwenye kona. Nipigie huo mwito wake."

Nicodemus aliitazama kamba. Aliishika kwa vidole viwili, akaivuta. Filimbi ilitoa mlio mmoja mkali, ukakatika, ukafuata mwingine uliopotea njia, kisha kitu kama kilio cha punda. Thuo aliziba masikio.

"Siwezi, afande. Obura peke yake ndiye alikuwa anaweza."

"Miaka mingi ubavuni mwake, na hata mlio wa kwanza hujui?"

"Mimi nilikuwa na kazi yangu ya moto."

Wasike aliridhika. Mtu wa kawaida angekosea kidogo. Mwenye sikio kama lile hawezi kukosea kiasi kile ila kwa makusudi. Hata hivyo, filimbi mbaya haitamtoa mtu seli, na treni ya jioni ilikuwa tayari inapangwa stesheni.

"Haya. Nieleze tu. Alipopiga, alikuwa akimwita nani?"

"Mke wake. Ni desturi yetu."

"Jumatano pia?"

"Jumatano pia. Tulipopita Lanet akaniambia, Nicodemus, leo nina njaa, Awuor ameniahidi samaki. Ngoja nimpigie aweke maji. Akapiga. Akashuka akikimbia, maskini. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu."

Kipsang alikohoa. Wasike alikuwa ameona kwenye ukungu, chini kando ya gurudumu, mtu aliyejifunga shuka nyeusi, na hakujua amekuwapo hapo kwa muda gani.

"Piga vizuri, Nicodemus," sauti ilisema kutoka chini. "Piga kama ile ulipiga Jumatano."

Nicodemus aliruka, akagonga bega kwenye chuma. Kisha akamtambua.

"Shemeji! Shemeji, pole. Nilikuwa nakuja kukuona..."

"Mimi nilikuwa Kisumu."

"Vipi?"

"Nilikuwa Kisumu tangu Jumatatu. Mume wangu ndiye alinipandisha treni. Samaki nilimwahidi nikiwa wapi?"

Tanuru lilivuma. Wasike alikuwa ameona watu wengi wakinaswa. Wengine hukasirika na wengine huanza kuapa. Huyu aligeuka akamtazama yeye, Wasike, kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Hakuniambia," alisema. "Afande, hakuniambia. Wiki nzima hakuniambia neno. Tulikuwa tunafanya kazi humu ndani, bega kwa bega, hata salamu hakuna. Ningejuaje?"

"Kwa nini hamkuwa mkisalimiana?"

"Kwa sababu nilimuuliza kama alinisemea. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza." Aliketi polepole kwenye kisanduku cha vyombo. "Tulikuwa tunashuka mteremko wa Kikopey. Kule Eburru ule mvuke wa ardhini ulikuwa unapanda, nikauangalia, nikasema peke yangu tu, hata ardhi bado inachemsha, ni sisi tunaambiwa basi. Ndipo akanijibu. Neno la kwanza wiki nzima. Akasema, hiyo injini haina moto, Nicodemus, haina kazi yako, rudi kwenu ukalime." Alitazama mikono yake. "Spana ilikuwa hapa. Nilimpiga mara moja. Nilidhani ataamka anitukane."

"Gadi wa nyuma hakujua?"

"Gadi yuko mwisho wa mabehewa. Anaona nini? Nikaendesha mwenyewe. Ni mteremko mpaka Nakuru. Nilipopita Lanet nikaona dizeli inangoja, na Kipketer akanipungia mkono." Sauti yake ilishuka. "Hapo ndipo nikaona njia. Nikapunguza kwenye kona nikamsukuma, akaangukia reli ile ingine. Lakini kwanza nikapiga filimbi, watu wajue amefika."

"Na ukaipiga sawasawa."

"Naijua, afande. Naijua kuliko yeye alivyoijua. Wewe unadhani ile ya mwisho inayoshuka alitoa wapi? Mimi ndiye nilimfundisha."

Thuo alisema kitu kwa Kikikuyu, polepole, kama mtu anayeomba. Kipsang alitoa pingu.

*

Treni ya jioni iliondoka bila Kipketer. Bwana Supa alisema alikuwa na mashaka tangu mwanzo, na Wasike akamwachia aamini hivyo. Chepngeno aliinuka kutoka pale ukutani, akapanguza vumbi, akampa mumewe kibuyu kwanza kabla ya kumpa mkono, na kijana akanywa akiwa amesimama mlangoni pa seli mpaka kikaisha.

Wasike alimsindikiza Awuor kurudi landi. Walipita njia ya mkato, kwenye kona ile ile, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Habari zilikuwa zimetangulia. Wanawake walikuwa milangoni, hakuna aliyeita, na Naliaka alipomwona Awuor alijifunika uso kwa leso.

"Afande," Awuor alisema, "wakati huyo Nicodemus anapiga, baba Amolo alikuwa wapi?"

Wasike angeweza kudanganya, na alitaka sana.

"Alikuwa pale sakafuni, mama."

"Miguuni mwake."

"Ndiyo."

Awuor alitembea kidogo. "Na mimi nimelala na hiyo sauti kila usiku. Nimeikumbatia."

"Nisamehe, mama Amolo. Nilipokuja asubuhi sikuwa na njia nyingine. Lakini kuja karakana, hiyo sikukuomba."

"Hukuniomba. Nilimwona mke wa Kipketer hapo ukutani." Alifika mlangoni pake, akasimama akiwa ameshika kufuli, na Wasike akamkabidhi ufunguo wa marehemu. "Na hukunifundisha kitu, usijisumbue. Nilijua tangu ile siku ya kwanza. Mimi ndiye mke wake. Hakuwahi kuita nyumba ikiwa imefungwa, hata mara moja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka awe amesahau," alisema Awuor. "Mara hiyo moja tu. Asahau kwamba sipo, aniite."

Alifungua mlango, akaingia. Kutoka upande wa Lanet Bubu alikuwa akishuka na mabehewa, na hakuna aliyemsikia mpaka alipofika kwenye kona, akapiga honi yake, na landi nzima ikageuza shingo.